Bega si Kiungo Kimoja
(Mazungumzo mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Milepa)



Niliombwa nizungumze jambo litakalowafaa vijana, nami nimechagua bega. Naona wengine wanacheka. Lakini hapa Milepa, chini ya Lyamba lya Mfipa, chakula chetu chote hupita begani kwa mtu: jembe kwenye majaruba ya mpunga, mchi kwenye kinu, gunia mpaka kwenye lori. Wenzetu wa juu, Ufipa, hufukia nyasi kwa udongo wakapata ntumba, wakapanda maharage juu yake. Sijui kazi ya jembe inayolidai bega kuliko hiyo.

Darasani tuliambiwa bega ni kiungo cha tufe na tundu, tukaandika, tukafaulu. Si uongo, ila ni robo ya habari. Viungo vinavyoshirikiana kuuinua mkono ni vinne. Cha kwanza ni hicho cha tufe na tundu, ambapo kichwa cha mfupa wa mkono hukaa kwenye kombe. Cha pili ni pale kombe linapokutana na mtulinga. Cha tatu ni pale mtulinga unapokutana na mfupa wa kidari, na hapo ndipo mahali pekee mifupa ya mkono ilipoungana na ya kiwiliwili. Cha nne si kiungo hasa: ni kombe lenyewe kuteleza juu ya mbavu, likishikwa na misuli tu.

Tafadhali, kila mwanafunzi amgeukie jirani yake. Gusa kwa kidole gumba ncha ya chini ya kombe lake, mgongoni, kisha mwambie ainue mkono kwa ubavuni mpaka juu kabisa. Mmeona? Mwanzoni kombe limetulia, halafu ncha ile inakimbilia kwapani. Mkono umesafiri kama digrii 180. Yapata 120 kwenye tufe na tundu, na 60 kwa kombe kuzunguka. Hesabu hii ya mbili kwa moja ilitolewa na Inman na wenzake, Marekani, mwaka 1944. Waliopima baadaye wameona kuwa hutofautiana mtu na mtu.

Tundu lenyewe ni la kina kifupi sana, mfano wa chungu kilichowekwa juu ya kisahani. Ndiyo maana mkono una uhuru mwingi, na ndiyo maana bega huteguka upesi. Msuli mkubwa wa begani huuvuta mfupa juu. Misuli minne midogo itokayo kwenye kombe hulizuia tufe lisigonge dari ya mfupa iliyo juu yake. Kombe nalo huzunguka ili tundu lilifuate tufe.

Sasa wenzangu wa rika langu mnisikilize. Aghalabu kati ya miaka 40 na 60 huja ugonjwa wa bega kuganda: mfuko unaozunguka kile kiungo cha kwanza hukaza. Wenye kisukari hupatwa zaidi. Mgonjwa akijaribu kuinua mkono, bega zima hupanda kuelekea sikioni, maana kombe linabeba kazi isiyo yake peke yake. Mtu wa namna hiyo huitwa mvivu, au husemwa amerogwa, kumbe hata kujifunga khanga hawezi. Wengi hupata nafuu, lakini huchukua miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Kuufunga mkono kwa kitambaa wiki baada ya wiki huzidisha kukaza. Aende zahanati, apimwe na sukari, aelekezwe mazoezi. Moja ni jepesi: huinama, mkono mzima umeshika meza, ule mgonjwa ukining'inia na kuzungushwa polepole. Zoezi hilo huitwa kwa jina la Codman, daktari wa Boston aliyechapisha kitabu kizima juu ya bega mwaka 1934.

Aliyeanguka, bega likabadilika umbo, ni habari nyingine. Huyo asivutwe mkono na mtu yeyote kijijini. Utulizwe vilevile ulivyo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Nipo tayari kwa maswali.