Wapinzani wa Jana, Washirika wa Pinga

Msafiri anayetoka Hombo kwenda Walikale kupitia Itebero, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hajali sana bariyeri ni ya kundi gani lenye silaha. Anajali atalipa ngapi. Wakubwa wa makundi, wao, hubadilisha marafiki bila kumwambia.

Mei 2022, huko Pinga, makundi mawili ya wanamgambo, NDC-Rénové (NDC-R) ya Guidon Shimiray na APCLS ya Janvier Karairi, yaliyokuwa yamepigana vikali Masisi, yalikubaliana kuacha kushambuliana na kuwakabili waasi wa M23 pamoja. FDLR, kundi la waasi wa Kihutu wenye asili ya Rwanda ambalo Guidon alijijengea jina kwa kuliwinda, nalo likajikuta upande huohuo.

Guidon alikuwa mtu wa Ntabo Ntaberi Sheka, mwanzilishi wa NDC, kundi lililozaa NDC-R, kabla ya kujitenga naye. Sheka alijisalimisha Julai 2017, na Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Goma ikamhukumu kifungo cha maisha. Mwaka huohuo Gilbert Bwira akamwasi Guidon. Ukoo huu hauna mzee anayestaafu kwa amani.

Siasa hiyo ina pesa ndani yake. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza jinsi NDC-R ilivyowatoza watu wazima jetoni, yaani kodi ya kichwa, ya faranga 1,000 za Kongo kila mwezi, mbali na mapato ya migodi. Waliripoti pia kwamba baadhi ya maofisa wa jeshi walishirikiana na kundi hilo, ilhali vyombo vya sheria vya kijeshi vilikuwa vimetoa hati ya kumkamata Guidon Juni 2019.

Leo wapiganaji wengi wa makundi hayo wanaitwa Wazalendo. Hati ile haikuzuia kundi la Guidon kuingia katika muungano huo wa Pinga.