Safari ya Kuvuka Ruvuma

Leo tutasafiri. Nitawaeleza safari niliyoifanya kwa gari mwaka 2012, kutoka Nanyamba mpaka Mueda, nchini Msumbiji. Nchi ile nilikuwa sijapata kuiona. Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza maswali.

Tuliondoka Nanyamba alfajiri. Tulipita Tandahimba na Newala, mikorosho huku na huku. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Kutoka hapo tuliteremka mpaka Masasi, tukalala. Kesho yake tulipita Mangaka, tukafika Mtambaswala, penye Daraja la Umoja. Daraja hilo lina urefu wa mita 720. Rais Kikwete na Rais Guebuza walilifungua tarehe 12 Mei 2010.

Mto Ruvuma uliwekwa kuwa mpaka mwaka 1886, Wajerumani na Wareno walipogawana nchi. Wamakonde hawakuulizwa. Ndugu wengine wakabaki huku, wengine kule.

Tulionyesha pasi zetu, tukavuka. Ng'ambo ni Negomano. Kutoka hapo mpaka Mueda ni zaidi ya kilomita 150, na wakati ule njia ilikuwa ya udongo na mchanga, vijiji vichache. Jioni tuliupanda uwanda, tukafika.

Je, niliona ugeni gani? Watu hawakuwa wageni kwangu. Walisema Kimakonde, ingawa matamshi yao yana tofauti kidogo na yetu. Wazee wengi walijua Kiswahili. Wengine walifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Wengine walikimbilia kwetu wakati wa vita vya ukombozi, vilivyoanza mwaka 1964. Mueda ndipo watu waliokusanyika kudai haki zao walipopigwa risasi na Wareno, tarehe 16 Juni 1960. Maji nayo ni ya shida, kama kwetu Newala.

Ugeni ulikuwa katika maandishi. Vibao vyote vilikuwa vya Kireno. Tulikuwa na mama mmoja aliyejifunza kusoma ukubwani, kama ninyi. Alisimama mbele ya kibao akasoma polepole: pa-da-ri-a. Hakujua maana yake. Mara akasikia harufu ya mkate. Akacheka, akasema, "Basi hapa huokwa mikate!" Herufi alizozijua zilimfikisha mlangoni, pua ikamalizia.

Akaingia kununua. Vitu alivyochukua vilikuwa vya metikali 60. Alitoa noti ya 100, akarudishiwa 20. Mama akazitazama tarakimu, akahesabu. Akasema kwa upole, "Baba, bado ishirini." Mwuzaji akahesabu tena, akamwongezea. Ndugu zangu, tarakimu za Msumbiji ni zile zile za Nanyamba. Asiyezijua angeondoka na hasara, wala asingejua kwamba amepata hasara.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Kireno kimo vinywani mwetu siku zote. Neno "meza" lilitoka kwa Wareno. Vivyo hivyo "bendera", "leso" na "mvinyo". Hata mkorosho, unaotupa fedha ya ada na ya bati, Wareno waliuleta kutoka Brazil. Kwa hiyo msomaji akienda ugenini hukuta na vya kwao.

Lakini nawapa tahadhari. Tangu Oktoba 2017 watu wenye silaha wamefanya mashambulizi katika jimbo la Cabo Delgado, ambamo Mueda imo. Watu wengi walikimbia makwao. Mwenye ndugu kule asiondoke kwa kusikia maneno ya sokoni tu. Aende kwanza ofisi ya Uhamiaji aulize hali ya njia. Na karatasi atakayopewa aisome mwenyewe kabla ya kutia sahihi.

Haya, fungueni daftari. Andikeni maneno haya matatu: mpaka, pasi, tarakimu. Kisha jibuni maswali haya. Kwanza: Daraja la Umoja lina urefu wa mita ngapi? Pili: mama yule alistahili kurudishiwa metikali ngapi? Tatu: mwenye kutaka kwenda Mueda aulize wapi kwanza?

Mwalimu wenu atasahihisha. Kwaherini, someni kwa bidii.