Simu Iwe Mtumishi, Isiwe Mpelelezi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika chache kuzungumzia simu za kisasa. Sikuja kuwaambia vijana wazitupe. Nimekuja kueleza kwamba simu ni kitu kimoja, na mpelelezi aliyemo ndani yake ni kitu kingine, na yawezekana kuvitenganisha.

Simu nyingi mlizo nazo huendeshwa na mfumo uitwao Android, ambao Google ya Marekani iliununua mwaka 2005. Msingi wa mfumo huo uko wazi: mwenye ujuzi aweza kuusoma, kuubadili na kuugawa. Lakini juu ya msingi huo Google huweka huduma zake zisizo wazi: duka la programu, ramani, na nyingine zifanyazo kazi chini kwa chini. Hizo ndizo zipelekazo habari zetu kwa wenyewe.

Mwaka 2021 Profesa Douglas Leith wa Trinity College, Dublin, alipima jambo hili. Aliona kwamba simu ya Android, hata ikilazwa mezani bila kuguswa, hupeleka taarifa Google kila baada ya dakika 4.5 kwa wastani. Na iPhone hupeleka Apple vivyo hivyo. Mwaka 2022 Google ilikubali kuyalipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5, kwa madai kwamba iliendelea kufuatilia mahali walipo watu waliodhani wameuzima ufuatiliaji huo.

Wengine husema, "Mimi sina siri, nitapata hasara gani?" Ndugu zangu, choo hujengewa ukuta, wala si kwa sababu aingiaye ni mhalifu. Ajuaye unakolala, unakoabudu na mganga unayemwendea ana nguvu juu yako, hata asipoitumia leo.

Basi tufanye nini? Kwanza, fungua mipangilio ya simu yako; zima kumbukumbu ya mahali, futa namba ya matangazo, na uzinyang'anye programu ruhusa zisizozihitaji. Tochi haina haja ya kujua ulipo. Pili, jifunze kutumia F-Droid, duka la programu huria lililoanzishwa mwaka 2010, ambalo halikudai ujiandikishe. Tatu, kwa mwenye moyo, badili mfumo wenyewe. Iko LineageOS, iliyozaliwa baada ya CyanogenMod kufungwa mwishoni mwa 2016. Iko /e/OS ya Mfaransa Gaël Duval. Na iko GrapheneOS, ambayo, ajabu ya mambo, hutiwa katika simu za Pixel za Google yenyewe.

Sitawaficha gharama. Si kila simu hukubali kufunguliwa, na kazi hiyo hufuta kila kilichomo. Weka nakala kwanza. Baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi. Hata hivyo, M-Pesa ya kubonyeza *150*00# haihitaji Google wala intaneti. Tena msidanganyike: mtandao wa simu bado utajua uko karibu na mnara upi. Tunapunguza macho yanayotutazama, hatuyafumbi yote.

Kwamba jambo hili lawezekana, ushahidi upo. Tangu mwaka 2019, baada ya vikwazo vya Marekani, Huawei imekuwa ikiuza simu mpya zisizo na huduma za Google, na watu wanazitumia.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa ombi. Wengi wetu tuna simu kuukuu zinazolala kabatini. Tuzifute, tuzilete hapa, tuwakabidhi vijana wa klabu ya sayansi wajifunze kuzifungua na kuzitia mfumo huru. Ikiharibika moja, hasara ni ndogo. Akipatikana kijana mmoja ajuaye simu inavyofanya kazi, badala ya kuitumia tu, shule imepata faida kubwa.