MAWE YETU, MADARAJA YETU
(Hotuba kwa wananchi wa Lusu, Nzega)



Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Unyanyembe kwenda Ujiji ilifika Mto Malagarasi ikasimama. Mwenye kivuko ndiye aliyepanga hongo, na bila kulipa hakuna aliyevuka. Leo mto huo una Daraja la Kikwete na hongo ile imekwisha. Lakini je, vijiji vyetu navyo vimekwisha kuvuka? Mvua zikinyesha, korongo moja likijaa latosha kumzuia mama mjamzito asifike hospitali, na pamba isifike kwa mnunuzi.

Twaambiwa daraja ni saruji, nondo na fedha nyingi. Kwa maji mapana ni kweli. Daraja la J. P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3 hivi. Kazi ile haiwezekani kwa mawe matupu. Lakini korongo si ziwa.

Tuwatazame jirani zetu wa Kigoma. Huko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, pamoja na Enabel ya Ubelgiji, wamejenga madaraja ya matao ya mawe, ufundi uliokwisha kujaribiwa Uganda. Siri yake ni hii: jiwe likivutwa hukatika upesi, bali likigandamizwa hustahimili sana. Tao huupokea uzito wa lori na kuupitisha jiwe kwa jiwe mpaka kwenye msingi. Ndani hamna nondo, basi hamna cha kuliwa na kutu.

Zege lenye nondo likipata ufa, maji huingia, chuma hushika kutu, huvimba na kulipasua zege. Kwa ajili hiyo mtafiti Henk Jonkers wa Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, alitengeneza zege lenye bakteria wanaotoa chokaa ya kuziba nyufa. Ni elimu kubwa, nasi twaiheshimu. Lakini ni dawa ya ugonjwa ambao tao la mawe halina.

Ndugu zetu, hapa Lusu mgodi wa Golden Pride ulichimba dhahabu kwa zaidi ya miaka 10, kisha ukafungwa. Dhahabu imekwenda zake, mawe tunayo.

Hatusemi kila mtu ajijengee tu. Lazima mhandisi apime, maana msingi ukititia tao huanguka, na maji yakinyimwa njia huitafuta wenyewe. Lakini kupasua mawe, kuyabeba na kuyapanga ni kazi ya mikono yetu, na ujira wake hubaki kijijini.

Basi katika mkutano wa kijiji tusiulize tu daraja litaletwa lini. Tumwulize diwani wetu: mhandisi wa TARURA atakuja lini kupima korongo letu, na mawe yetu yanafaa au hayafai? Akiuliza mmoja ataambiwa angoje. Tukiuliza sote, tutajibiwa.