Tazama mizizi kabla ya kununua dawa

Nyanya zikinyauka mchana ilhali udongo una maji, mkulima wa Nundu, katika eneo la Fizi, asikimbilie dawa ya majani. Ang'oe mche mmoja kwanza. Mizizi ikiwa na mafundo yasiyobanduka kwa kidole, adui ni minyoo fundo: jike mmoja hutaga mamia ya mayai, na dawa ya majani haimfikii.

Mizizi yote ichomwe, na kiangazi udongo ugeuzwe ukaukie juani. Msimu ujao nyanya, biringanya na bamia zisirudi hapo. Karanga zinafaa zaidi, kwani huzinyima chakula aina za kawaida za minyoo fundo.

Huduma za kilimo za Fizi zianzie kwenye vitalu. Mche mgonjwa ukishauzwa, shamba la jirani nalo limeambukizwa.