"Na Mkewe" Anaitwa Nani?



Mwezi uliopita tulimuaga binti wa marehemu kaka yangu hapa Singida mjini. Familia iliamua kuwa na chakula cha jioni cha watu 60 tu, wakwe na sisi wenyewe, kila mtu na kiti chake. Kwa kuwa kazi yangu ni ya kalamu, kamati ikanituma nitengeneze vikadi vya majina vya kuweka mezani.

Kazi yenyewe haina gharama. Nilinunua karatasi 12 nene za manila, ukubwa wa A4. Urefu unaugawa mara tatu na upana mara mbili, unapata vikadi sita. Kila kimoja unakikunja katikati kisimame kama paa la nyumba. Karatasi kumi zinatosha watu 60, mbili ni za kukosea. Jina liandikwe kwa wino mzito, pande zote mbili, ili na aliyekaa mkabala alisome. Na kwa sisi wa Singida, usisahau upepo. Madirisha ya ukumbi yakifunguliwa, vikadi vyote vitakuwa sakafuni kabla kuku hajaletwa mezani. Mwanangu aliokota vijiwe, na katika mkoa huu mawe si ya kutafuta, tukaviosha na kuweka kimoja ndani ya kila mkunjo.

Kikwazo kilikuwa orodha. Kamati ilikuwa imeandika: "Mheshimiwa fulani na mkewe." "Mwalimu fulani na mkewe." Wengine wameandikwa "Mama Fulani", au "bibi wa Iramba". Mwanangu akaniuliza, "Baba, viti ni viwili, jina ni moja. Huyu 'na mkewe' anaitwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nikahesabu wageni wasio na majina, wakawa 17, wote wanawake.

Nikashika simu jioni mbili mfululizo. Mzee mmoja alicheka: "Andika Mama Fulani tu, atajijua." Nilipomsihi, akanyamaza kidogo, kisha akalitaja jina la mkewe taratibu, kama mtu anayefungua sanduku la siku nyingi.

Lakini msidhani nawacheka wengine. Katika wale 17 alikuwamo shangazi yangu wa Mkalama, aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita. Ilibidi nimpigie binamu kumuuliza jina kamili la mama yake. Mimi, ambaye huwaambia vijana wanaojifunza uandishi wa habari kwamba swali la kwanza ni "nani?", nimekula ugali wa mtu miaka yote hiyo bila kuliuliza!

Sisemi kwamba kumwita mwanamke kwa jina la mtoto wake ni kumdharau. Kwetu ni heshima, na mimi shangazi nitamwita Shangazi mpaka mwisho. Lakini kumwita mtu kwa heshima ni jambo moja, na kutolijua jina lake ni jambo jingine.

Siku ilipofika, mshereheshaji alishika kipaza sauti akatangaza kwamba itifaki imezingatiwa. Shangazi alikuwa akipita kando ya meza, kidole mbele, akisoma kikadi kimoja kimoja. Yeye ni mmoja wa waliojifunza kusoma katika madarasa ya kisomo, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kijana mmoja alitaka kumwonyesha kiti, akamzuia kwa mkono. Akafika kwenye jina lake, akalisoma kwa sauti, lote, kisha akaketi.

Tulipokuwa tukikusanya vyombo, vikadi vingi vilikuwa vimebaki mezani na madoa ya mchuzi. Cha shangazi hakikuwapo. Hata kijiwe alikichukua.

Ndugu zangu mlio kwenye kamati za harusi, za kipaimara na za maulidi, mkiandika orodha, kila kiti kiwe na jina lake. Kuuliza hakuna gharama, na wa kumuuliza yuko jikoni kwako.

Jina la shangazi sitalitaja hewani, maana sijamwomba ruhusa. Lakini sasa ninalijua.

Kwaherini.