Mgeni wa Mji Asione Haya Kuuliza

(Hotuba kwa ndugu waendao Dar es Salaam kwa mara ya kwanza)



Tumeombwa tuseme nanyi maneno machache juu ya safari ya kwenda Dar es Salaam, nasi twafurahi kufanya hivyo, maana twaona mbele yetu vijana waliokwisha kufunga mizigo, na nyuma yao wazee wao ambao hawapati usingizi. Maneno yetu ni kwa wote. Hatukuja kuusifu mji, wala hatukuja kuwatisha. Tutawaambia tuliyoyaona kwa macho yetu, na mengine tuliyoyajua baada ya kuyalipia.

Kwanza tukumbuke mji ule ni wa nani. Sultani Majid wa Unguja alianza kujenga majumba yake karibu na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860. Wajerumani wakaufanya makao makuu ya serikali yao mwaka 1891, na baada yao wakaja Waingereza. Mji ukakatwa mapande: huku Uzunguni, huku Uhindini, huku Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi ili kutenga Kariakoo na mitaa ya maduka. Mwafrika alitakiwa mjini kupakua meli na kufagia njia, lakini kazi ikiisha aliitwa mhuni. Kwa sheria ya mwaka 1944 mtu wa namna hiyo aliweza kukamatwa na kurudishwa kwao kama mzigo uliokosewa anwani. Hata baada ya Uhuru tabia hiyo haikutuacha mara moja, maana mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, watu walikamatwa mitaani na kupelekwa mashambani.

Hatusemi haya kwa kufukua makaburi. Twasema ili kijana atokaye bara ajue kwamba hendi Dar es Salaam kama mwizi aingiaye kwa dirisha. Anakwenda katika mji wa nchi yake, na wala hapaswi kuinamisha kichwa kwa mtu. Lakini, ndugu zetu, haki ya kuingia ni jambo moja, na akili ya kukaa ni jambo jingine. Haki ulizaliwa nayo. Akili huna budi kuitafuta.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 1957 mji huo ulikuwa na watu 128,742. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa watu 5,383,728. Kijijini, mgeni akiingia asubuhi, kabla ya adhuhuri kila mtu anajua ni mtoto wa nani na amekuja kwa shida gani. Mjini unaweza kupita kati ya maelfu ya watu na pasiwe hata mmoja akujuaye jina. Huo ni uhuru wa namna fulani, na pia ni hatari.

Nasi tulikuwa wageni. Tulifika zamani, kabla ya simu za mkononi, vijana wawili na bunda moja la nguo, na ndani ya bunda karatasi yenye jina la mtaa wa mjomba wetu. Pale stendi akatupokea bwana mmoja aliyevaa vizuri, akatusalimu kwa lugha ya kwetu, akatuita wajomba. Alisema anamfahamu mjomba, akalibeba bunda, akatuambia tumngoje dakika mbili akaite teksi. Tulimngoja tangu saa nne ya asubuhi mpaka saa tisa. Kila mtu aliyetuuliza tulimwambia, "Tunamngoja ndugu yetu." Tulijua kwa hakika kwamba tumeibiwa, lakini tuliona haya kulisema neno hilo.

Mama mmoja aliyekuwa akipika ugali pembeni alitutazama muda mrefu. Mwisho akatujia na sahani mbili, akasema, "Wanangu, huyo ndugu yenu hatarudi. Kuleni kwanza, kisha mniambie mnakwenda kwa nani." Tulipokwisha kula akamwita kijana wake, akatupeleka kwa mjumbe wa nyumba kumi, na mjumbe akauliza kwa mwenzake, na mwenzake kwa mwingine. Saa mbili ya usiku tukawa mlangoni kwa mjomba. Basi mnaona, ndugu: bunda letu lilichukuliwa na ayari kwa dakika mbili, bali saa tano za kukaa juani na njaa tulizipoteza wenyewe, kwa haya zetu.

Hilo ndilo somo letu kubwa leo, na mengine yote ni matawi yake. Sasa tuyapange.

La kwanza ni kabla ya kuondoka. Jua unakwenda kwa nani na kwa kazi gani. Mpigie mwenyeji wako simu, usimshtukize, na usiridhike na neno "Njoo tu." Muulize mtaa, kituo cha karibu, na nani atakupokea. Namba yake iandike katika karatasi, uitie mfukoni mwa nguo uliyovaa, maana simu huweza kuibwa au kuzimika. Fedha usiziweke mahali pamoja. Na tena, tunawaomba wazee mtusikilize: mpeni kijana nauli ya kurudia, mkamwambie kwamba hiyo haili mpaka atulie. Nauli hiyo ni mlango wa nyuma, na mtu mwenye mlango wa nyuma haogopi upesi.

La pili ni siku ya kufika. Tangu mwaka 2021 mabasi ya bara huingia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Ukishuka hapo usidhani umefika mjini kati, kwani bado una safari ndefu kufika Kariakoo au Posta. Wengine siku hizi huja kwa gari moshi la umeme, lililoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Lo lote ulilopanda, jambo ni moja: mzigo wako usimpe mtu usiyemjua, hata akisema kilugha cha kwenu kwa ufasaha kuliko wewe. Ukifika usiku mkubwa na mwenyeji hayupo, kaa pale kituoni penye taa na watu mpaka kupambazuke. Ukitaka kuuliza, muulize askari, au mfanyakazi wa dirisha la tiketi, au mama muuza chakula ambaye hawezi kukimbia na sufuria zake.

Daladala zina majina ya njia yaliyoandikwa mbele. Soma mwenyewe, kisha muulize kondakta, na umwambie mapema unakoshukia. Akikuonea, abiria wenzako watakutetea, maana watu wa Dar es Salaam hupenda kusema lakini si wabaya. Mwaka 2016 yalianza pia mabasi ya mwendokasi, ambayo yana njia yao peke yao. Njia hiyo usiivuke bila kutazama huku na huku, kwani basi lile haliji kwa pole. Ukipanda bodaboda au bajaji, patana bei kabla ya kukaa, wala usikubali kupanda pikipiki bila kofia ngumu. Bei inayopatanwa mwisho wa safari ni bei ya ugomvi.

La tatu ni simu. Ayari wa zamani alikuja kwa miguu, na wa leo huja kwa ujumbe wa maandishi. Atakuandikia, "Ile pesa tuma kwenye namba hii," akitumaini kwamba ni kweli unadaiwa mahali. Mwingine atasema yeye ni mtu wa kampuni ya simu na anataka namba yako ya siri. Kampuni za simu zikikupigia hukupigia kwa namba 100, na namba ya siri haitakiwi na mtu ye yote mwaminifu, hata ndugu. Ujumbe wa utapeli upeleke kwa namba 15040, wakubwa wa mawasiliano waushughulikie. Ukipatwa na jambo la hatari piga 112 kwa polisi. Usione haya.

La nne ni nyumba. Dalali atakuonyesha chumba cha bei nafuu, kizuri, chenye upepo, na atakuonyesha wakati wa kiangazi. Uliza majirani maji hufika wapi wakati wa masika. Bonde la Msimbazi ni zuri kulitazama mwezi wa Agosti, lakini katika mafuriko ya Desemba 2011 watu walipoteza nyumba, na wengine walipoteza maisha. Tazama ukutani kama kuna mstari wa tope la zamani, maana ukuta hausemi uongo. Kisha ujue kwamba wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mara moja, na dalali naye hutaka fungu lake, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mmoja. Usitoe fedha kabla ya kumwona mwenye nyumba mwenyewe na kuandikiana. Ukisha kuhamia, nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukajitambulishe. Siku utakapotaka barua ya utambulisho, au siku utakapoonewa, utakuwa mtu anayejulikana.

La tano ni kazi. Mtu akuombaye fedha ili akupe kazi, huyo hana kazi ya kukupa, kwani kazi yake ni wewe. Tena tunataka kusema wazi juu ya mabinti. Kuna watu wajao vijijini na zawadi ya khanga na sukari, wakamchukua mtoto wa mwenzao kwa ahadi ya kumsomesha, na mtoto akaishia kuosha vyombo mpaka usiku wa manane bila mshahara wala shule. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Na aliyefika umri ana haki ya mshahara na mapatano, hata kazi yake ikiwa jikoni. Wazee, msimtoe mtoto kwa mtu ambaye hamkuiona nyumba yake. Msemeshe mtoto mwenyewe kwa simu kila juma, na mkimsikia anajibu kwa "ndiyo" na "hapana" tu, mjue kuna mtu amesimama karibu naye. Kuna namba 116 kwa ajili ya watoto walio taabuni. Ishikeni kichwani.

La sita ni wagonjwa, maana wengi hawaendi mjini kutafuta mali bali kutafuta uzima. Aendaye Muhimbili au Ocean Road achukue barua ya rufaa, vyeti vyote vya vipimo vya nyuma, na kadi ya bima kama anayo. Malipo yalipwe dirishani na kupewa risiti. Nje ya hospitali kubwa wapo vishoka wanaojidai kuwa na njia ya mkato. Njia ya mkato kwa mgonjwa ni njia ya kaburini na mfuko mtupu.

Sasa tugeuke kwa ndugu zetu wa mjini, maana lawama yote haistahili kuwekwa juu ya mgeni. Ninyi mlikuwa wageni jana. Mnapowacheka vijana kwa sababu wameshangaa ghorofa au wamekosa basi, mnawafundisha kunyamaza, na kijana anyamazaye ndiye ayari anamtafuta. Basi mpokeeni, mwonyesheni choo na kisima na njia, mwambieni bei ya kweli. Naye mgeni akumbuke wahenga walivyosema, kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwenyeji wako analala watoto wanne katika chumba kimoja ili wewe upate mkeka. Amka mapema, teka maji, fagia uwanja, na ukipata kibarua cha kwanza leta hata fungu la mchicha.

Mwisho, ndugu wananchi, turudi palepale tulipoanza. Tumewaona vijana waliopotea katika Dar es Salaam, na wengi wao hawakupotezwa na njia. Walipotezwa na barua walizoandika nyumbani kwamba mambo ni mazuri, wakati mambo yalikuwa mabaya. Walisema uongo mara moja kwa kuona haya, kisha ikawabidi kuulinda uongo ule miaka mingi, hata mama akafa bila kuwaona. Kijana, ukifanikiwa, sema. Ukishindwa, sema vile vile. Kurudi nyumbani na mikono mitupu si dhambi. Shamba halijakuuliza cheti, na mzee wako anakutaka wewe kabla ya fedha zako.

Nanyi wazee, mwambieni kijana neno hilo kabla basi halijaondoka, tena mwambieni kwa sauti, asikie: "Mlango huu haufungwi." Yule mama wa stendi alituokoa kwa sahani mbili za ugali na swali moja. Kila mmoja wetu anaweza kufanya kama yeye, na kila mgeni anaweza kulijibu swali lile kwa kweli.

Safari njema.